Basi Kutoka Upande Usiotazamwa

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu amesema kama kila nirudipo kazini nina maneno mengi hivi, basi niyaandike, maana yeye ana makochi ya watu ya kushona na masikio yake ni mawili tu. Haya, naandika. Asije akaniuliza siku moja mbona nimekuwa kimya.

Leo tumeanza kupita kwenye njia mpya ya mabasi. Nimeendesha basi miaka mingi, na miaka yote hiyo niliendesha kama mwizi anayefukuzwa. Unachomekea, unachomekewa, unagombea abiria na mwenzako, unafunga breki katikati ya barabara kwa sababu mtu amepunga mkono, pikipiki inakupenya ubavuni, na kila jioni unashukuru kwamba hukuua mtu. Leo nimepita katikati ya barabara kuu, ukuta mfupi wa zege huku na huku, hakuna wa kunichomekea, abiria wananingoja juu ya jukwaa la kituo kama watu wenye akili timamu. Nilijikuta naimba. Mimi!

Niliimba mpaka karibu na soko. Hapo wimbo uliniishia.

Mwisho wa safari njia yetu inaiacha barabara kuu na kuingia mtaa wa duka la dawa. Mtaa ule ni mwembamba, na magari hupita kwenda upande mmoja tu: yote yanatoka darajani yanakwenda sokoni. Sisi tumechorewa kipande chetu kando kabisa, puani mwa maduka, nasi tunatoka sokoni kwenda darajani. Kinyume. Ukuta hakuna, ni mstari wa njano tu. Sasa mtu anatoka dukani, anageuza shingo kuelekea darajani, ambako ametazama maisha yake yote, anaona hakuna kitu, anakanyaga lami. Mimi huyo nipo mgongoni kwake na basi zima la watu.

Dereva mwenzangu tunayemwita Mpole, ambaye mtu akimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba samahani, alinifuata karakana tulipomaliza zamu.

“Dada, ule mtaa wa mwisho nimeupita roho mkononi.”

“Piga honi,” nikamwambia. “Ukiingia bonyeza, usiachie mpaka utoke.”

Mvua imeanza jioni hii.

Jumatano, 6 Machi

Honi. Mwanamke na ndoo ya samaki. Honi. Fundi na ngazi begani, nusu ya ngazi ilikuwa kwenye njia yangu. Honi. Watu watatu wanazungumza, wote wanatazama darajani. Kuna nini huko darajani jamani?

Ijumaa, 8 Machi

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa nasi tangu apate kazi mjini. Ana gari dogo jekundu na mdomo mkubwa. Leo mezani anasema, “Wifi, njia yenu inabaki tupu, mnapita mmoja mmoja kama maharusi, sisi wengine tunaoza kwenye foleni. Mimi nikiona pengo naingia.”

Nikamwambia akiingia mbele yangu nitamsukuma hadi ofisini kwake bure. Akacheka. Mume wangu akaomba chumvi, ilhali chumvi ilikuwa mbele yake.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Vioo vimejaa ukungu. Hakuna aliyekufa.

Alhamisi, 14 Machi

Kuna bwana mmoja ananisimamia mlangoni kwake kila nipitapo, mikono kiunoni, koti jeupe, uso kama aliyemeza ndimu na maganda yake. Ndiye mwenye duka la dawa. Watu wanamwita Daktari na yeye huwasahihisha kila mara: “Mimi ni mfamasia.” Leo nilipopiga honi alitoka hadi ukingoni mwa njia akanipungia mkono kwa hasira, kama mtu anayefukuza kuku.

Nyuma yake alisimama dada anayeuza pale kaunta. Wote mtaani wanamwita Kicheko, kwa sababu kicheko chake husikika kabla hujaliona duka. Alimwona bosi wake anavyopunga, akacheka, nami nikaona basi angalau mmoja kati yao ni binadamu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeitwa na msimamizi wa zamu. Msimamizi wetu ni mtu anayesema “tutalifanyia kazi” hata ukimsalimia.

“Kuna malalamiko mtaa wa duka la dawa,” akasema. “Honi. Mfamasia amekuja hapa mwenyewe. Kuanzia kesho hakuna kupiga honi mtaa ule, isipokuwa kwa dharura.”

“Dharura ni ipi?”

“Ukiiona utaijua.”

“Nikishaiona nitakuwa nimechelewa, bosi. Wale watu hawatutazami. Wanatazama darajani.”

“Watazoea. Tutalifanyia kazi.”

Mpole alikuwa karibu yangu, akaitikia “sawa bosi” kabla sijafungua mdomo tena. Nje nikamgombeza: kwa nini anakubalikubali? Akasema, “Dada, amri ni amri. Nitakwenda polepole tu.”

Nimechukia watu watatu kwa siku moja, na wa kwanza ni yule mwenye koti jeupe. Anauza dawa za usingizi, na bado anataka mtaa mzima ulale!

Jumanne, 19 Machi

Bila honi. Nimeupita mtaa ule kwa mwendo wa maziko. Abiria mmoja akauliza kama basi limeharibika.

Alhamisi, 21 Machi

Polepole tena. Kina mama wawili nyuma yangu wananisema kwa sauti ya kutaka nisikie: “Ndiyo maana wanawake wasipewe mabasi.” Wanawake wenzangu hao! Nimekuja kusemea nyumbani. Mume wangu amenielekeza kwa kidole kwenye karatasi hizi.

Jumatatu, 25 Machi

Msimamizi tena. Sasa nachelewa. Mabasi yanashikana nyuma yangu kama shanga. “Honi marufuku, polepole marufuku,” nikamwambia, “labda nipae.” Amenipa onyo. Mpole naye kapewa, na kwake limeingia kama mwiba. Hajawahi kupewa onyo tangu aanze kazi. Kutwa alikuwa akitazama saa.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Mtaa wa duka la dawa umegeuka mfereji, mstari wa njano hauonekani. Watu wanatembea ndani ya njia yetu kwa sababu ndiyo sehemu isiyo na dimbwi.

Barabara kuu, lazima niseme ukweli, ni raha. Kondakta wa zamani niliyefanya naye kazi alipanda leo, akakaa kiti cha mbele akashangaa. “Mbona hujatukana mtu?” Sikuwa na wa kumtukana. Tangu tuhamie katikati sijaona mtu amelazwa kando ya barabara amefunikwa khanga, na zamani tulizoea. Kinachonitoa jasho ni kile kipande cha mwisho tu. Ni kama umeshonewa gauni zuri, halafu fundi akakusahaulia sindano kwapani.

Ijumaa, 5 Aprili

Wifi ameingia njia ya mabasi leo. Nilimwona kwa macho yangu, gari jekundu, amejichomeka kwenye uwazi wa kituo cha tatu, na nyuma yake wakafuata wengine wanne kama bata. Nilipofika nyumbani akasema alikuwa amechelewa. Nani ambaye hakuchelewa katika mji huu?

Jumanne, 9 Aprili

Leo naandika yote, kama yalivyotokea.

Mchana mvua ilipiga ya kweli, ile ambayo vifuta kioo vinafanya kazi bure. Mpole alikuwa mbele yangu. Niliziona taa zake za nyuma zinaingia mtaa wa duka la dawa, halafu nikaziona zinawaka nyekundu zote kwa pamoja, na makalio ya basi yakasogea upande, taratibu kabisa, kama ng'ombe anayegeuka zizini. Sikusikia kitu. Nilisimamisha langu, nikateremka nikakimbia.

Alikuwa Kicheko. Mteja mmoja alikuwa amesahau dawa zake kaunta, mzee wa kisukari, na Kicheko alitoka kumkimbilia na mfuko mkononi na mwavuli kichwani. Akatazama darajani, hakuna gari, akakanyaga. Mpole hakupiga honi. Alikuwa amekatazwa.

Alilala chini karibu na gurudumu la mbele, si chini yake, namshukuru Mungu, lakini mguu wake ulielekea upande ambao mguu hauelekei. Alikuwa anapumua. Mfamasia alikuwa amepiga magoti kwenye maji, koti lake jeupe si jeupe tena, amemshika kichwa kisisogee, anazungumza naye kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto.

Mpole alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi, mikono magotini, anarudia, “Nilikuwa polepole. Nilikuwa polepole.” Na umati umeshakusanyika. Mnaujua umati. Hakuna aliyeona kitu lakini kila mmoja ana hukumu. Mmoja akamshika Mpole ukosi wa shati akamvuta chini, mwingine ameokota jiwe. Nilijitupa katikati. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote lakini nani anamsikiliza mwanamke mwenye sare ile ile ya aliyegonga?

Aliyewanyamazisha ni mfamasia. Hakuinuka hata kidogo.

“Mwacheni!” alinguruma. “Nyinyi wenye nguvu, leteni miavuli mumzibie huyu mvua! Wewe mwenye jiwe, liweke chini, njoo ushike hapa!”

Wakaja. Yule mwenye jiwe alilitazama jiwe lake kama mtu kampa bila yeye kujua, akaliacha, akaja akashika mwavuli.

Tukangoja gari la wagonjwa. Njia ya mabasi ndiyo wanayopita, na siku zote huwa wanafika upesi. King'ora tulikisikia. Kilikuwa kule barabara kuu, kinalia mahali pamoja, hakisogei. Kinalia, kinalia. Mfamasia aliinua uso akanitazama, mara ya kwanza ananitazama pasipo ndimu mdomoni. “Kwa nini hawaji?” Tukaambiwa baadaye kwamba magari madogo yalikuwa yamejaa ndani ya njia yetu, kuta huku na huku, hayawezi kwenda mbele wala kutoka.

Kicheko alizimia kabla hawajafika. Polisi wamemchukua Mpole.

Jumatano, 10 Aprili

Kicheko yuko hai. Nyonga na mfupa wa paja vimevunjika, amepoteza damu nyingi, amefanyiwa upasuaji.

Wifi hakula jana wala leo. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema kichwa. Nimemwachia chai mlangoni.

Ijumaa, 12 Aprili

Mpole ameachiwa lakini amesimamishwa kazi. Kwenye ubao wa karakana wamebandika: dereva alishindwa kuwa mwangalifu. Niliibandua. Msimamizi akaibandika tena. Niliibandua tena mbele yake.

“Wewe unataka nini?” akaniuliza.

“Nataka uandike nani alikataza honi.”

“Tutalifanyia…”

“Usiniambie hilo neno.”

Jumapili, 14 Aprili

Nilikwenda kumwona mfamasia. Niseme wazi kwamba nilikwenda kugombana. Shukrani nilikuwa nayo, ya kumwokoa Mpole, lakini nilikuwa nimeifunga chini kabisa ya hasira. Nilimkuta anapanga chupa peke yake, kaunta imekuwa kimya mno.

“Honi ile uliyoikataza,” nikaanza, “ndiyo ingemwokoa.”

Hakukasirika. Alinivutia kiti.

“Kaa, mama. Unajua Kicheko alikuwa anaziitaje honi zenu? Alisema ni redio ya mtaa. Siku ya kwanza mlipopiga, alishtuka akaangusha chupa. Wiki ya pili alikuwa hazisikii kabisa. Hakuna aliyezisikia. Mlipiga kila saa, kwa kila mtu, mpaka zikawa kama mvua.”

“Kwa hiyo ukakimbilia kutushitaki.”

“Nilikwenda kwenu nikasema mambo mawili. Nikasema mabasi yasipite kinyume, na kama lazima yapite, wekeni kivuko watu wavukie mahali pamoja. La pili nikasema, wakati mnajenga, punguzeni honi. Yule msimamizi wenu aliitikia yote.”

Kumbe msimamizi alikuwa amechukua lile dogo lisilomgharimu kitu, kubwa akalifanyia kazi kwa kulikalia.

Mfamasia akanitengenezea chai yenye sukari ya kuua, akasema yeye ni mfamasia, anajua anachonipa. Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika kwa kulia mbele yake.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimegoma.

Nilifika kituo cha mwisho kwenye barabara kuu, pale njia inapokata kuingia mtaa wa duka la dawa, nikazima injini. “Safari inaishia hapa,” nikatangaza. “Darajani ni hapo tu, mtembee.” Mvua ilikuwa inanyesha. Maneno niliyoambiwa siyaandiki, mume wangu huwa anapita nyuma ya kiti hiki. Basi lililofuata likasimama nyuma yangu. Dereva wake, kijana ambaye sikuwahi hata kusalimiana naye vizuri, akateremka akauliza kuna nini. Nikamwambia. Akarudi, naye akazima.

Kufikia mchana hakuna basi lililoingia mtaa ule. Msimamizi akaja mbio amelowa, akasema nimefukuzwa. Nikamuuliza kama atawafukuza wote. Akahesabu mabasi kwa macho, akaanza kupiga simu.

Jumatano, 17 Aprili

Mimi bado ni dereva, au sivyo, inategemea unamuuliza nani. Tunageuzia barabara kuu. Watu wanatembea kipande cha mwisho na kututukana.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo ndiyo nimekasirika kuliko siku zote. Wenye magari na baadhi ya wenye maduka wameamka na jipya: njia yote ya mabasi ivunjwe. Kuta zitolewe, barabara irudi kama zamani. “Inaua watu,” wanasema. Inaua watu! Kipande kimoja cha mtaa kimemvunja mtu mguu, nao wanataka kurudisha barabara ile iliyokuwa inatuzika kila mwezi. Kiatu kimekubana kidole, unakata mguu.

Kumeitishwa mkutano Jumatatu kwenye ukumbi wa shule.

Jumatatu, 22 Aprili

Ukumbi ulijaa, paa la bati, mvua juu yake, kila mtu anapiga kelele kuishinda mvua.

Alikuja mhandisi wa njia, mama mmoja mfupi mwenye buti za mpira na sauti iliyokauka. Kabla ya mkutano nilimfuata na mpango wangu. Nilikuwa nimeufikiria siku nyingi, naujivunia: jengeni uzio mrefu mtaa mzima, mtu asipite kabisa.

“Hapana,” akasema. “Watu watauruka. Na atakayeuruka ataangukia kwenye njia yako, nyuma yake uzio, mbele yake wewe. Atakwenda wapi?”

Sikuwa nimelifikiria hilo.

“Mabasi yageuzwe, yaende upande mmoja na magari,” akasema. “Kurudi yapite mtaa wa nyuma. Na kivuko kiinuliwe kama tuta, basi lisiweze kupita kwa kasi hata dereva akitaka. Nilisema haya tangu kwenye michoro.”

“Mbona hukusema kwa sauti?”

“Nilisema. Sauti yenyewe ndiyo hii imebaki.”

Nikampenda papo hapo.

Walizungumza wanaotaka kuvunja, mmoja baada ya mwingine, na walipigiwa makofi. Nilisimama mimi. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyegoma kuingia mtaa ule, na sitaingia mpaka ubadilishwe, lakini atakayegusa kuta za barabara kuu atanikuta nimelala juu yake. Niliwaambia wakumbuke jinsi tulivyokuwa tukiendesha. Wengine wakanyamaza, wengine wakazomea. Mtu akapaza sauti: “Hata gari la wagonjwa lilikwama humo humo kwenye njia yenu!” Makofi mengi.

Ndipo mtu akasimama nyuma kabisa. Sikuamini. Wifi.

“Halikukwamishwa na njia,” akasema. Sauti ilikuwa inamkatika. “Lilikwamishwa na mimi. Mimi na wengine. Niliona njia tupu nikaingia, wakanifuata, mbele tukakuta basi limeharibika, nyuma wamejaa. King'ora kilikuwa nyuma yangu. Nilikuwa namwona dereva wake kwenye kioo. Nilikuwa namwona anavyopiga usukani. Sikuwa na pa kwenda. Mkivunja hizo kuta, tutaingia wote, kila siku. Gari la wagonjwa litapita wapi?”

Hakuna aliyempigia makofi. Alikaa chini akajifunika uso na mtandio.

Mfamasia akasimama baada yake, akasema machache: dada yake wa kaunta yuko hospitali, naye hataki kisasi kwa barabara, anataka kivuko. Mkutano ukaisha bila kura, lakini kelele za kuvunja zilipungua.

Tulirudi nyumbani mimi na wifi kwa miguu. Hatukusemeshana. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo mzima, lakini nilitembea tu mbele yake.

Alhamisi, 25 Aprili

Bado sisemi naye. Mume wangu anatupitishia ujumbe mezani: “Wifi yako anaomba mboga.” “Wifi yako anasema ni moto.”

Jumapili, 28 Aprili

Nilikwenda hospitali kumwona Kicheko, na nani nimemkuta pale mlangoni mwa wodi, amesimama na mfuko wa machungwa, hathubutu kuingia? Mpole. Alikuwa amekuja siku tatu mfululizo, anafika mlangoni anarudi. Nilimshika mkono nikamwingiza kama mwali.

Kicheko alimtazama kutoka kwenye mto wake. Amekonda. Mguu umening'inizwa na vyuma.

“Wewe ndiye ulinigonga?”

Mpole akaitikia kwa kichwa.

“Nilidhani ni mtu mkubwa kuliko huyu,” Kicheko akasema, na akaanza kucheka, na kucheka kukamuuma, akalia, huku anacheka. Mpole akapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nikatoka nje nikamenya machungwa ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kwenye ngazi nikakutana na wifi anapanda, na ua moja mkononi limefungwa kwa karatasi. Tukatazamana.

“Wodi ni ya kushoto,” nikamwambia. “Usilie sana, anachoka.”

Ndiyo maneno ya kwanza. Mengine yatakuja yenyewe.

Jumatatu, 6 Mei

Mafundi wameanza kuchimba mtaa wa duka la dawa. Mvua inajaza mashimo, wanayatoa maji, inajaza tena. Mhandisi anashinda pale na buti zake anagombana na mbingu.

Jumatano, 15 Mei

Uchunguzi umemsafisha Mpole. Tangazo la ubaoni limetoka, safari hii halikubanduliwa na mimi. Msimamizi amehamishiwa ofisi nyingine ambako, nina hakika, atalifanyia kazi.

Lakini Mpole amekataa kurudi kwenye usukani. Nilimsihi, nikamtukana kidogo, nikamsihi tena. “Dada,” akasema, “kila nikikaa kwenye kiti naona mwavuli.” Amepewa kazi ya kufundisha madereva wapya karakana. Anawafundisha vizuri, wanasema. Mimi bado nina hasira. Tulikuwa na dereva mmoja tu asiye na papara, naye ndiye tumempoteza.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua imepungua. Wifi na mimi tumegombana vizuri, kwa sauti, kuhusu vyombo. Mume wangu amefurahi hadi akatununulia mikate.

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeingia mtaa wa duka la dawa tena. Natoka darajani, nakwenda upande mmoja na magari yote. Kivuko kimeinuliwa juu, kimepakwa rangi, ukikijia kwa kasi basi linakurusha kichwa kwenye paa, hivyo hukijii kwa kasi. Jua lilikuwa limetoka.

Kicheko bado hajarudi kaunta. Daktari wake, wa kweli, amesema mguu mmoja utabaki mfupi. Mfamasia ameniambia hayo kupitia dirishani, na akaniambia pia kwamba amemwekea kiti kirefu nyuma ya kaunta, cha magurudumu, ili asisimame. Alisema na kuangalia pembeni.

Nikasonga mbele hadi kivukoni, nikasimama. Bwana mmoja mnene alikuwa anavuka. Alifika katikati, puani mwa basi langu, akaona kamba ya kiatu imefunguka. Badala ya kumaliza kuvuka, akainama. Pale pale! Akafunga. Hakupenda fundo alilofunga, akalifungua, akaanza upya. Nyuma yangu abiria wakaanza: “Dereva, twende! Dereva, umelala?” Mama mmoja akagonga kioo.

“Mwacheni afunge kiatu,” nikawaambia.

Alipomaliza akajinyoosha, akajipangusa suruali, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila kubisha hodi. Asante hakusema. Mkono hakuinua. Akavuka zake, polepole, mzima, na ujinga wake wote.